Mashine Mbili za Theluji, Jomvu Kuu

Mbarak alizipata mnadani, bandarini,
mzigo usiokombolewa, kontena la kutu
lililokuwa safarini kwenda kwengine likasahauliwa hapa.
Alidhani amenunua pikipiki za majini.
Tukavunja kufuli. Mbele, nyayo mbili za plastiki, ndefu, kama za bata.
Nyuma, mkanda wa mpira wenye meno kushinda vidole vyangu.
Gurudumu la kukanyaga chini, hakuna.

"Fundi," akanambia, "ipi nzuri? Kuna mteja."
Mteja gani, sikumuuliza.

Mimi nimefungua injini za tuktuk mpaka nikaziota.
Theluji naijua ya friji tu,
ile inayomea kandokando ya samaki wa juma lililopita.
Lakini chuma ni chuma. Nikachanganya petroli na oili,
nikavuta kamba mara tisa,
na ya kumi mtaa mzima ukaziba masikio.

Nyuma ya gereji pana kilima cha mchanga,
tani sitini za Mwinyihaji, za kujengea ghorofa
ambayo kiwanja chake kingali mahakamani.
Huo ndio mlima tuliokuwa nao.
Dereva, Karisa Nyevu, wa bodaboda,
kofia ya pikipiki kichwani, ndara miguuni.

Nyekundu kwanza. Fupi, pana, nyayo zimeachana
kama mtu anayepiga picha ya pasipoti.
Ikapanda moja kwa moja, bila salamu.
Ukikata usukani, nyayo zinageuka, mwili haugeuki:
inamaliza safari yake kwanza, ndipo ikusikilize.
Na ukiipitisha ubavuni mwa kilima
inajilaza chini, inatafuta bonde kama maji ya kuoshea vyombo.
Karisa alishuka nayo mara tatu bila kutaka.
"Hii," alisema, "ina mume wake. Si mimi."

Kisha taa ikawaka. Moto.
Nikainama chini ya mkanda, nikaona mabomba ya kupozea
yametandazwa tumboni, yakingoja.
Aliyeiunda alikuwa na hakika
kwamba popote itakapokwenda, baridi itarushwa na meno yale
imwagike hapo, bure, siku nzima.
Niliionea huruma, wallahi.
Kama mgeni aliyekuja na koti.

Tukatuma magunia mawili ya barafu Liwatoni.
Tukaipakata mashine kama changu wa kusafirishwa Nairobi.

Nyeusi sasa. Ndefu, nyembamba kiunoni,
nyayo zimekaribiana, karibu zipigane.
Kwenye tambarare ilimsukasuka, leo huku kesho kule,
watoto wakacheka, Mbarak akashika kichwa.
Usukani wake ni wa heshima tu. Inataka nyonga.
Karisa akalifahamu hilo mapema kuliko mimi:
akasimama, mguu mmoja akautoa nje,
akaegemea upande wa mlima kama anayemnong'oneza mtu,
na ile nyeusi ikalala naye, unyayo mmoja hewani,
ikakata ubavu wa mchanga wa Mwinyihaji
mstari mmoja, haupandi haushuki,
mpaka upande wa pili, kwenye choo cha mabati.

Hakuna aliyesema kitu.
Barafu ilikuwa inadondoka, na watoto
wakiokota vipande, wakipuliza mchanga, wakitia mdomoni.

Dakika mbili. Taa ikawaka tena.

Nikamwambia Mbarak: nyekundu ni ya mwenye haraka,
nyeusi ni ya mwenye kiuno.
Akauliza ipi ina bei. Nikasema nyekundu.
Aliuza zote mbili, injini kwa huyu, mkanda kwa yule;
mkanda wa nyeusi leo unasafirisha kokoto Mikindani.

Mwinyihaji alikuja Ijumaa, akautazama ule mstari
ubavuni mwa kilima chake, akauliza ni nyoka gani.

Na Karisa, mpaka leo, kwenye kona ya Changamwe
hutoa mguu mmoja nje, akasimama nusu, akaegemea.
Abiria humpiga mgongoni:
"Kaa kitako, wewe! Wenda wapi?"